Projekta za sinema ya nyumbani: Mambo ya kuangalia kabla ya kununua na kuvusha mpaka

Projekta zilizozoeleka zaidi katika kumbi za mikutano, vyuo na mabanda ya video sasa zinaagizwa pia kwa ajili ya sebule na vyumba vya sinema majumbani. Wateja wa Bujumbura, Kigali, Lubumbashi na Kampala huzipata kupitia wafanyabiashara wanaonunua Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi, au moja kwa moja Dubai na Guangzhou. Mara nyingi mteja huiona mashine ikiwaka kwa mara ya kwanza ikiwa tayari nyumbani kwake, baada ya mzigo kuvuka mpaka mmoja au miwili.

Hapo ndipo hasara hutokea. Televisheni ya inchi 55 ni ya inchi 55 popote itakapowekwa. Projekta hutegemea chumba, ukuta, mwanga wa dirisha, umeme na hata mwinuko wa mji. Ikikosewa, kuirudisha kwa muuzaji kunahitaji nyaraka mpya, nauli mpya na pengine kodi mpya, na faida yote huishia njiani. Makala hii inaeleza mambo ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla ya kulipa.

1. Mwanga: lumeni ipi?

Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Kipimo kinachoaminika ni lumeni ya ANSI au ya kiwango cha kimataifa cha ISO 21118. Katika kipimo cha ANSI, picha nyeupe hugawanywa katika miraba 9 iliyo sawa, mwanga wa kila mraba hupimwa kwa lux, wastani wake hutafutwa, kisha huzidishwa kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Kwa mfano, picha yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.125 ina eneo la mita za mraba 2.25. Kama wastani ni lux 400, projekta hiyo inatoa lumeni 900.

Projekta nyingi za bei ya chini huandikwa kwenye boksi "lumeni 9,000" au "lumeni 15,000" bila neno ANSI wala ISO. Tarakimu hizo hazimsaidii mnunuzi, kwa sababu mashine za namna hiyo zikipimwa kwa ANSI mara nyingi hutoa mia chache tu. Ushauri ni kumtaka muuzaji aandike lumeni za ANSI au ISO kwenye ankara yenyewe. Muuzaji anayeifahamu bidhaa yake hatakataa, na anayekataa amekwisha kujibu swali.

Kiasi gani kinatosha? Kwa picha ya inchi 100 katika chumba chenye giza la kutosha, lumeni 500 halisi zinafikia mwanga unaokaribia ule wa ukumbi wa sinema. Hata hivyo taa hupungua nguvu kadiri inavyotumika, hivyo ni busara kuanza na 1,000 au zaidi. Kwa sebule yenye mapazia mepesi au taa zinazowaka, 2,500 hadi 3,000 ndiyo kiasi cha kuanzia. Mteja anayetaka kutazama mpira saa tisa alasiri madirisha yakiwa wazi aambiwe ukweli mapema: televisheni kubwa itamfaa zaidi.

2. Ukubwa wa picha na umbali wa mashine

Hili ndilo kosa linaloongoza kwa kurudisha bidhaa. Kila projekta ina uwiano wa umbali, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Picha ya inchi 100 yenye umbo la 16:9 ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Ya inchi 120 ina upana wa mita 2.66 na kimo cha mita 1.49.

Kwa picha ya inchi 100 hesabu ni hizi:

- Uwiano 1.5: mashine ikae mita 3.3 kutoka ukutani.
- Uwiano 1.2: mita 2.65.
- Uwiano 0.5, yaani projekta ya umbali mfupi: mita 1.1.
- Uwiano 0.25, yaani ile inayowekwa chini ya ukuta wenyewe: takriban nusu mita.

Tuseme mteja ana chumba chenye urefu wa mita 3. Mashine yenye uwiano wa 1.5 inahitaji nafasi ya mwili wake pamoja na nyaya, kama sentimita 30. Lenzi itabaki mita 2.7 kutoka ukutani, na picha itakuwa na upana wa mita 1.8, sawa na inchi 81 hivi. Mteja aliyeahidiwa inchi 100 atasema ametapeliwa, ingawa mashine ni nzima. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, mfanyabiashara aombe vipimo vitatu: urefu wa chumba, upana wa ukuta na kimo cha dari.

Watazamaji nao wakae umbali wa kati ya mara 1.5 na mara 2 ya upana wa picha. Kwa inchi 100 hiyo ni mita 3.3 hadi 4.4.

Jambo lingine ni kunyoosha picha. Projekta ikiwekwa pembeni au ikiinamishwa, picha huwa na umbo la mche uliopinda. Mashine nyingi hurekebisha hali hiyo kwa kompyuta yake ya ndani, lakini kwa kufanya hivyo hupoteza sehemu ya pikseli na ukali wa picha. Mashine ambazo lenzi yake yenyewe husogezwa juu, chini na pembeni hazina hasara hiyo, ingawa bei yake ni ya juu zaidi.

3. Pikseli za kweli na pikseli za kupokea

Neno "inapokea 1080p" si sawa na "ina 1080p". Projekta inaweza kupokea ishara ya 1920 x 1080 au hata 3840 x 2160, kisha ikaionyesha kwa pikseli 854 x 480 tu. Cha kuuliza ni idadi ya pikseli halisi za kifaa cha ndani. Kwa inchi 100, 1280 x 720 ni kiwango cha chini kinachovumilika, na 1920 x 1080 ndicho kinachofaa kwa sinema. Baadhi ya mashine za DLP hufikisha 3840 x 2160 kwa kuzisogeza pikseli haraka sana kutoka nafasi moja hadi nyingine. Hilo si udanganyifu, lakini mnunuzi alijue.

Jaribio la dukani ni rahisi. Onyesha ukurasa wenye maandishi madogo kutoka kwenye kompyuta, kisha soma katikati na katika pembe zote nne. Mashine isiyo na pikseli za kutosha huyaacha maandishi yakiwa na ukungu hata lenzi ikirekebishwa. Ikiwa katikati ni safi na pembe zina ukungu, tatizo ni lenzi.

4. Aina za mitambo ya ndani

LCD ya paneli tatu: rangi zake ni kali na hazina mcheo wa upinde wa mvua. Udhaifu wake ni vumbi linaloingia ndani na kuacha madoa kwenye picha, pamoja na chujio linalohitaji kusafishwa mara kwa mara.

DLP: hutumia kifaa chenye vioo vidogo sana, kilichobuniwa na kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. Katika mashine nyingi kifaa hicho kimefungwa vizuri dhidi ya vumbi, hivyo kinavumilia barabara na miji yenye vumbi. Hata hivyo, zile zenye gurudumu la rangi huwafanya baadhi ya watu waone michirizi ya rangi macho yanapohama haraka. Mteja ajaribu mwenyewe, kwani si kila mtu huiona.

LCoS: hutoa weusi mzuri kuliko nyingine na hupendwa na wenye vyumba maalumu vya sinema. Ni ghali, na mafundi wake ni wachache.

LCD ya paneli moja: ndiyo iliyomo katika projekta nyingi ndogo za bei ya chini. Inafaa kwa chumba cha watoto chenye giza. Haifai kuuzwa kwa mtu aliyeomba sinema ya nyumbani.

5. Taa, LED au leza: gharama baada ya kununua

Taa za zebaki hudumu kwa kawaida kati ya saa 3,000 na 5,000. Ieleweke kwamba saa hizo huhesabiwa hadi mwanga unapofikia nusu ya ule wa mwanzo, si hadi taa inapozimika kabisa. LED na leza hutajwa kudumu saa 20,000 au zaidi.

Familia inayotazama saa 4 kila siku hutumia saa 1,460 kwa mwaka. Taa ya saa 4,000 itahitaji kubadilishwa baada ya miaka miwili na miezi kama tisa. Leza ya saa 20,000 itafika zaidi ya miaka 13. Mfanyabiashara anayelinganisha bei aongeze gharama ya taa mbili au tatu juu ya bei ya mashine ya taa, pamoja na usafiri wake, ndipo aone ipi ni rahisi kweli.

Jambo la pili ni kupatikana kwa taa. Mashine ya bei nzuri ambayo taa yake haipatikani Kigali wala Bujumbura ni mzigo kwa mteja. Anayeuza projekta za taa aagize akiba ya taa katika mzigo uleule.

6. Umeme, plagi na mwinuko

Nchi za ukanda huu hutumia umeme wa 50 Hz, lakini volti na plagi hutofautiana. Kenya na Uganda zina volti 240, Tanzania na Rwanda 230, Burundi na Kongo 220. Projekta nyingi hukubali volti 100 hadi 240, hivyo tofauti hiyo haina madhara, ila lebo ya nyuma isomwe. Vifaa vya sauti vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani ndivyo vinavyoungua mara nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni vya volti 120 tu.

Kwa upande wa plagi, Kenya, Uganda na Tanzania hutumia zaidi ile ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na sehemu kubwa ya Kongo hutumia pini za mviringo. Waya wa umeme wa projekta mara nyingi huchomolewa, hivyo inatosha kubadilisha waya badala ya kumwachia mteja adapta inayolegea na kutoa cheche.

Umeme kukatika ghafla ni hatari kwa mashine za taa. Zikizimwa kwa rimoti, feni huendelea kuzunguka hadi taa ipoe. Umeme ukikatika, feni husimama taa ikiwa bado na moto mkali, na uhai wake hupungua. UPS ndogo inayotoa dakika chache za kupoza ni kinga ya bei nafuu. Mashine ya taa hutumia takriban wati 250 hadi 350. Wanaotumia sola na inveta wafanye hesabu hiyo, kisha waongeze spika na king'amuzi.

Kuhusu mwinuko, wafanyabiashara wengi hawaufikirii. Hewa ya juu ni nyepesi na hupoza mashine kwa shida. Projekta nyingi zina mpangilio wa mwinuko mkubwa unaoongeza kasi ya feni, na kwa kawaida hutakiwa kuwashwa kuanzia mita 1,500 hivi. Kiwango kamili kimo katika kitabu cha maelekezo. Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kigali, Mbeya na Iringa zote ziko juu ya mita 1,500, na Bukavu na Goma ziko karibu na mstari huo. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Mashine iliyojaribiwa Kariakoo ikafanya kazi vizuri inaweza kujizima yenyewe ikifika Eldoret. Mara nyingi si mbovu; mpangilio haukuwashwa tu. Mfanyabiashara akiandika maelekezo hayo kwenye karatasi ndani ya boksi, atapunguza simu za malalamiko.

7. Ukuta, skrini na sauti

Ukuta mweupe uliopigwa lipu laini na rangi isiyong'aa unaweza kuanza kazi. Skrini nyeupe ya kawaida hurudisha mwanga kwa usawa pande zote na ndiyo salama kwa wateja wengi. Skrini ya kijivu huongeza weusi, lakini inahitaji projekta yenye mwanga zaidi. Projekta za kuwekwa chini ya ukuta zinahitaji skrini yake maalumu iliyonyooka kabisa. Kitambaa kinachoyumba huonyesha mawimbi kwenye picha.

Spika za ndani ya projekta hazitoshi kwa sinema. Tundu za HDMI zihesabiwe: moja kwa king'amuzi, nyingine kwa kompyuta au deki. Vilevile, projekta nyingi zenye programu ya Android hazijaidhinishwa na baadhi ya huduma kubwa za filamu za intaneti, hivyo huonyesha picha hafifu au hukataa kabisa. Programu ambayo mteja anaitaka ifunguliwe dukani, si nembo yake kutazamwa kwenye boksi.

8. Projekta zilizotumika

Zilizotumika zina soko, lakini zikaguliwe kwa mpangilio. Kwanza, saa za taa zisomwe kwenye menyu, ikikumbukwa kwamba hesabu hiyo inaweza kurudishwa sifuri. Pili, ionyeshwe picha nyeupe tupu: mabaka ya njano au buluu kwenye LCD ni dalili ya sehemu za ndani zilizoungua. Tatu, ionyeshwe picha nyeusi tupu: nukta nyeupe nyingi kwenye DLP ni dalili ya kifaa cha vioo kinachokufa. Nne, iachwe ikiwaka angalau nusu saa ili kuona kama itajizima.

Tangu Januari 1, 2025, mabadiliko ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za umeme zipate idhini ya nchi husika kabla ya kuvuka mpaka. Shehena ya mashine zilizotumika isiyo na uthibitisho kwamba zinafanya kazi inaweza kuhesabiwa kuwa taka. Aidha, baadhi ya nchi zina masharti yake kuhusu vifaa vya umeme vilivyotumika. Yaulizwe kabla ya kupakia.

9. Nyaraka na ushuru

Projekta za video zimo katika kifungu 8528 cha mfumo wa kimataifa wa bidhaa. Tangu toleo la mwaka 2017, zile zinazoweza kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta na zilizokusudiwa kutumika nayo ziko 8528.62, na nyingine ziko 8528.69. Skrini za projekta ziko 9010.60. Viwango vya ushuru vinaweza kutofautiana kati ya vifungu hivyo, kwa hiyo wakala wa forodha apewe maelezo ya kiufundi ya modeli, si neno "projekta" pekee. Tamko lisilolingana na mzigo huchelewesha gari zima, pamoja na bidhaa za wenzako zilizomo.

Wafanyabiashara wadogo hupenda kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachohusu mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Projekta iliyotengenezwa China au Japani haina sifa hiyo, hata kama imenunuliwa Arusha na ina risiti ya Arusha. Inaweza pia kudaiwa ushuru na VAT upande wa pili ingawa ilikwisha kulipiwa ilikoingilia. Kwa mzigo unaojulikana mapema kuwa ni wa nchi nyingine, njia salama ni kuutangaza tangu bandarini kwamba unakwenda huko.

Vilevile iulizwe mapema kama modeli inahitaji cheti cha ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirishwa. TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya na UNBS ya Uganda zimekuwa na utaratibu huo kwa bidhaa mbalimbali.

10. Kwa wasafirishaji

- Projekta isafirishwe katika boksi lake na sponji zake. Kifuniko cha lenzi kiwepo na rimoti isiachwe ikigusana na lenzi.
- Isipangwe chini ya mizigo mizito, wala karibu na saruji, unga, chumvi au samaki. Vumbi la saruji likiingia kwenye feni halitoki kwa kupuliza.
- Mzigo wa pwani ufungwe ndani ya nailoni pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Unyevu wa muda mrefu huotesha ukungu kwenye lenzi.
- Mashine iliyotoka kwenye baridi ikafika kwenye joto, kama kutoka ndegeni hadi Mombasa, iachwe saa mbili au tatu kabla ya kuwashwa ili maji yaliyoganda ndani yakauke.
- Projekta ndogo zenye betri ya lithiamu kwa ndege ni bidhaa ya UN 3481 na zina masharti ya kufungasha. Betri za lithiamu-ioni zisizo ndani ya kifaa wala pamoja nacho, UN 3480, zimekatazwa kusafirishwa kama shehena katika ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016.
- Namba ya kila mashine iandikwe kwenye ankara na kwenye hati ya kukabidhi mzigo. Dereva, mwenye mali na mpokeaji wasaini baada ya boksi kufunguliwa na lenzi kutazamwa.

Maswali saba kabla ya kulipa

Lumeni za ANSI au ISO ni ngapi? Pikseli halisi ni ngapi? Uwiano wa umbali ni upi, na chumba cha mteja kina urefu gani? Taa ni ya saa ngapi, na inapatikana wapi? Mji wa mteja uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Plagi ni ya aina gani? Waranti inashughulikiwa nchi gani?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Waranti ya Dubai kwa mteja wa Bujumbura ina maana ya kuvusha mashine mipaka kadhaa kwenda na kurudi. Mfanyabiashara ambaye hana fundi upande wa mteja aweke wazi jambo hilo kwenye bei, au achague modeli ambayo ina fundi huko, hata kama faida yake ni ndogo kidogo.